Fundi Ndayiragije na redio zilizoishia kwa kina M

Wapwa zangu, haya ninayowaandikia hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyeyashika kwa mikono hii, kuna siku naamka nahisi nilidanganywa. Eti hapa Kasulu, kwenye kibanda cha mabati ambacho mtu mrefu akilala miguu inabaki nje, mtu wa darasa la tano alitengeneza kondensa, kidude cha kutafutia stesheni redioni, isiyokuwepo, inayonenepa na kukonda kwa kuamriwa na umeme. Mnacheka? Chekeni. Mjomba wenu Badru ameshachekwa na watu wenye digrii, na mimi nilisoma darasa la saba mara mbili, wakati wenzangu wote walisoma mara moja tu.

Mtu mwenyewe ni Makarius Ndayiragije, fundi redio. Yuko mbele yangu sasa hivi, upande wa pili wa meza, anapuliza mkaa wa jiko anamopashia chuma cha kuchomelea risasi. Ni mfupi, ana kichwa kikubwa, na vidole vyake vimeungua hadi havisikii tena moto. Haongei. Ukimsalimia, anafikiri kwanza. Mimi nauza betri, tochi, tambi za taa na vikorokoro vingine hapa sokoni, na babu yangu alitoka pwani akalowea Ujiji, kwa hiyo maneno ya ziada nilizaliwa nayo. Tangu mwaka tisini tumegawana kazi: yeye ananyamaza, mimi nasema.

Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mtoto wa miaka minane, ameshika upindo wa kanga ya mama yake Pelagia. Wakapokelewa Heru Juu, wakalima mihogo na maharage kama watu wote. Mama Pelagia alikuwa na redio ya bendi tatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alitoa mawe, ndivyo huku tunavyoziita betri, akayaanika kwenye bati pembeni ya mihogo. Yakipata jua yanafufuka kidogo, na jioni redio inaimba robo saa. Sote tumelelewa hivyo. Nyumba ya Muha isiyo na mawe yaliyoanikwa juani, mwenyewe ni bwana mkubwa au hana redio.

Ufundi aliupata misheni, kwa Bruda mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza redio za upepo, zile za kuitana misheni na misheni. Bruda aliporudi kwao Ulaya alimwachia kitabu kisicho na jalada, cha michoro, lugha yake hata yeye Bruda mwenyewe sidhani kama aliipenda. Ndayiragije hajui neno hata moja la kitabu kile. Anasoma michoro tu. Nimemwona akisoma ukurasa mmoja wiki mbili, kidole kikitembea juu ya mstari kama siafu.

Sasa sikilizeni ugonjwa wenyewe. Mwaka tisini na tatu, mwishoni, Burundi iliwaka tena na watu wakamiminika upande wa Kibondo. Wengi walikuja na redio. Wameacha ng'ombe, wameacha masufuria, redio iko kwapani. Na walikuwa na sababu. Idhaa moja ya mbali, kwenye mawimbi mafupi, ilikuwa na kipindi cha majina: nani anamtafuta nani, na yuko wapi. Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Kila jina lilisomwa Jumamosi tatu mfululizo, kisha likafutwa kuwapisha wengine. Yalisomwa kwa mpangilio wa herufi, kuanzia kina Akimana kwenda chini.

Mimi nilikuwa napanda lori kila Jumanne kuuza betri kwenye gulio la Kibondo, linalokaa Jumanne na Jumamosi. Nilirudi na magunia ya redio wagonjwa, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Kile kidude cha ndani chenye vibati vyembamba, ambacho ukizungusha kinobu kinatafuta stesheni, kilikuwa kimeliwa. Vumbi letu jekundu liliingia katikati ya vibati, vikagusana, basi. Kipya kilitakiwa kuagizwa Mwanza, na Mwanza walisema subirini meli.

Ndayiragije hakusubiri meli. Siku moja akanionyesha mchoro ukutani, ameuchora kwa mkaa.

"Badru, kile kidude ni kondensa inayobadilika ukubwa. Kazi yake ni hiyo tu."

"Sasa?"

"Sasa nataka transista ijifanye ndiyo hiyo kondensa."

"Mwambie mkeo naye ajifanye lori, tupandie hadi Kibondo."

Hakucheka. Akanieleza, na nawaelezea nilivyoelewa mimi. Transista ina miguu mitatu. Mguu mmoja unaingiza, mwingine unatoa, na kinachotoka ni kikubwa kuliko kilichoingia. Ukichukua kondensa ndogo, punje ya dengu, ukaifunga kutoka mguu wa kutoa hadi mguu wa kuingiza, transista inaikuza. Aliye nje anaiona kubwa mara kumi, mara ishirini. Ni kama ndugu yenu fulani, simtaji, akikaribishwa harusini: kaingia mtu mmoja, chakula kimeliwa na ukoo. Na utamu uko hapa: ukiiongezea transista mkondo, inakuza zaidi, ukiupunguza, inakuza kidogo. Kwa hiyo huna haja ya vibati. Chukua kinobu cha sauti kutoka redio iliyokufa, kiwe bomba la kuongeza na kupunguza umeme wa transista, na ile dengu itanenepa na kukonda unavyotaka. Stesheni zitapita mbele yako mojamoja.

Ilimchukua miezi minne. Ya kwanza ilipiga mluzi mpaka jirani yetu Siti, muuza vitumbua, akaja na mwiko. Ya pili ilishika stesheni tatu kwa pamoja, zikagombana. Ya tatu ilishika vizuri ila ukiisogelea stesheni inakimbia, ukirudi nyuma inarudi, kama mbuzi wa watu. Alikuwa anabadilisha rezista moja, kidude cha kubana umeme, anasikiliza, anaandika ukutani, anafuta. Betri za kujaribia nilimpa mimi, mpya, kutoka kwenye boksi, na kila zilipochoka kidogo nilimbadilishia. Nilijiona mfadhili wa sayansi. Kumbukeni hilo la betri mpya, maana ndipo tulipojichimbia shimo.

Ya sita ikakubali. Ukizungusha kinobu, sauti za dunia zinapita taratibu, moja baada ya nyingine, na ndani hakuna hata kibati kimoja. Ndayiragije aliiweka mezani, akasema, "Ego." Ndiyo. Hotuba yake yote ya ufunguzi ilikuwa hiyo.

Tukatengeneza za watu. Na mimi, wapwa zangu, nikaharibu.

Kule Kibondo watu hawakuamini kinobu kinachozunguka bila mshale kutembea. Walizungusha sana, watoto walizungusha zaidi, wakapoteza stesheni, wakasema fundi wa Kasulu kawauzia mbuzi kwenye gunia. Nikaona jina letu linakwenda. Basi nikajifanya mhandisi. Nilitafuta ile idhaa ya majina, ikishika sawasawa nikakata kichwa cha kinobu kwa koleo, nikamwagia rangi ya kucha ya mke wangu Yasmini, nyekundu, ikaganda. Nikawatangazia gulioni:

"Redio isiyotafuta! Imeshatafutiwa! Washa, kaa, sikiliza ndugu zako!"

Wakashangilia. Sikumwambia Ndayiragije. Nilijiambia nitamwambia nikirudi, na niliporudi nikajiambia hakuuliza.

Kati ya waliochukua alikuwepo mama mmoja, Esteri, mjane, anaishi kambini kwenye nyumba za mwanzo karibu na barabara. Alikuwa anamtafuta mwanawe wa pekee, Niyonzima, aliyepotezana naye njiani wakivuka mto. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba. Aliipokea redio kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaniita "mzee." Mimi! Nikatembea siku nzima kifua mbele.

Wiki iliyofuata akanijia gulioni.

"Mzee Badru, amahoro. Redio yako inawapenda kina A."

"Kivipi, mama?"

"Ikifunguliwa kipindi, namsikia msomaji vizuri kabisa. Kina Akimana wote. Kina B, kina H. Akifika kina M anaanza kwenda mbali, kama mtu anayeondoka anaongea. Akifika N hayupo. Anakuja mtu mwingine anaimba kwa lugha siijui."

Nyie mnawajua Warundi na majina yao. Nusu ya nchi inaanzia na N. Na mwanawe ni Niyonzima.

Ningeweza kufikiri. Badala yake nikamwambia, "Hiyo ni hali ya hewa, mama. Kiangazi hiki mawingu yanavuta mawimbi."

Mwezi wa nane ule. Hakukuwa na wingu hata moja kutoka Kibondo hadi Kigoma. Aliangalia juu, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, mzee," akaondoka.

Wiki ya pili alikuja akikimbia. Mwanamke mmoja wa kambini, Immakulata, alikuwa amechelewa mjini kwa mwenye duka mwenye redio nzima, akasikia: Niyonzima anamtafuta mama yake Esteri wa Rumonge. Anwani hakuikamata, mtoto alikuwa analia mgongoni. Na msomaji alisema hiyo ni mara ya pili.

"Imebaki Jumamosi moja," Esteri akasema. "Na mimi kibali changu cha kutoka kambini kinaisha saa kumi, kipindi ni saa kumi na moja. Siwezi kwenda dukani. Nina hii redio yako tu. Nyumba zote za upande wetu zina hizi redio zenu tu."

Nikamwambia anunue betri mpya. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimezipanga pale mbele yake. Aliziangalia, akafungua kitambaa chake, akanionyesha mawe manne ya redio yake, yamepauka, yana joto la jua bado.

"Nitazipata wapi mpya, mzee? Haya nayaanika kila siku."

Niliyashika yale mawe mkononi. Hata mimi mwenye elimu ya darasa la saba mara mbili nilielewa. Kinobu cha Ndayiragije kinaamrisha kwa umeme. Umeme ukipungua, amri inapungua. Mawe ya juani yanaanza na nguvu, dakika kumi yanalegea, dengu inakonda, stesheni inateleza. Angekuwa na kinobu, angeifuata kwa kidole. Lakini kinobu nilikikata mimi, na kilichobaki nimekigandisha kwa rangi ya kucha.

Nilijaribu kulegeza pale pale kwa kisu. Nikavunja kijiti chote cha kinobu. Nikamrudishia redio isiyoshika hata kina A.

Akaipokea. Akaifunga kwenye kitambaa pamoja na mawe yake, akaenda.

Niliporudi Kasulu nilimweleza Ndayiragije habari ya mawe ya juani. Ya rangi ya kucha nikaimeza. Akachukua betri nne kuukuu kutoka chini ya meza, akaziweka juu ya bati asubuhi yote, akazitia kwenye redio. Tukakaa. Idhaa ilikuja safi, kisha ikaanza kuondoka polepole, kama alivyosema Esteri, mtu anayeondoka anaongea.

Fundi akaweka mikono kichwani.

"Mama yangu alianika mawe maisha yake yote," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa napanda juu ya bati kuyageuza. Halafu nimekaa hapa miezi minne, sikuyakumbuka hata siku moja. Nilitengeneza redio ya mtu mwenye betri mpya. Nani ana betri mpya, Badru?"

"Mimi," nikasema. Mzaha ulinitoka wenyewe, na ulikuwa mchungu.

Siku tatu hakula vizuri. Alitafuta kitu ambacho hakibadiliki hata betri ikichoka. Akakipata kwenye redio kaseti zilizokufa: vile vitaa vidogo vyekundu vinavyowaka ukiwasha. Kimoja kikiwaka hushikilia umeme wake palepale, hata betri ipungue kiasi gani, mpaka kizime kabisa. Akaviunga viwili kwa mfuatano, akalisha transista kutoka hapo badala ya kwenye betri. Tukaweka mawe ya juani. Idhaa ikakaa. Sauti ikafifia kidogo kadiri betri zilivyochoka, lakini mtu alikuwa palepale, haendi popote.

"Nakwenda Kibondo mwenyewe," akasema.

Mtu huyu hakuwa amewahi kupanda lori tangu nimjue. Barabara inamtapisha. Jumamosi ile alipanda, na jiko lake, na mfuko wa vitaa vyekundu, akatapika tulipofika Kitanga, akatapika tena mbele huko, tukafika gulio limejaa.

Redio ya kwanza aliyoshika ilikuwa ya Esteri. Akaigeuza, akaona kijiti kilichovunjika na ile rangi nyekundu imeganda pembeni. Akanitazama. Mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa kwenye redio, na watu walikuwa wamejaa, wanapiga kelele, wengine wananitaja kwa jina.

Ndayiragije akasimama. Asiyeongea akaongea, kwa Kiha, ambacho na Warundi wanakielewa, kila mtu asikie.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeifikiria, mimi ndiye niliyeifunga. Nilisahau mawe ya juani, na mimi nimekulia juu ya hayo mawe. Nisameheni. Leteni zote, siondoki mpaka ziishe."

"Mimi ndiye niliyeifunga." Alisema hivyo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo wangu huu unaouza betri zilizokufa kwa watu walio hai, na sikuufungua. Mzee mmoja wa Kiha akatema mate karibu na mguu wa fundi, na fundi akasema asante. Nikaangalia viatu vyangu. Viatu vizuri, ngozi. Mpaka leo sijavivaa tena.

Tangu siku ile miaka mitatu imepita na hajawahi kuniuliza. Angeniuliza, ningedanganya na kupona. Basi ninyi wapwa zangu mjue: aliyekata kinobu ni Badru. Nimeandika kwa wino.

Alimaliza ya Esteri saa tisa na nusu, kinobu kipya juu yake, kirefu, kinachozunguka. Kibali cha mama kilikuwa kinaisha, akaichukua akaenda nayo kambini. Sisi tulimfuata kwa lori, na jiko na redio zilizobaki, ila hatukuruhusiwa kupita kizuizi cha kambi. Lakini saa kumi na moja kasoro tukamwona anakuja hadi kwenye gogo la kizuizi, upande wa ndani, redio kichwani, antena imesimama.

"Nataka nanyi msikie," akaniambia. "Ikiteleza, mwone kwa macho yenu."

Alinilenga mimi. Akaweka redio juu ya gogo. Msomaji akaanza: Akimana, Akimana, Barakamfitiye. Mawe ya juani ndani. Akafika H. Akafika M. Sauti ikapungua, Esteri akasogeza sikio, na mkono wake hakuuweka kwenye kinobu, aliuweka kifuani. Kina Ndayikunda wakapita. Ndihokubwayo. Nikaanza kusali sala zote ninazozijua na moja ya Kikristo. Nikarudia ya Kikristo.

"Niyonzima, mwana wa Esteri wa Rumonge, anamtafuta mama yake. Yuko..." na akataja kambi ng'ambo ya ziwa, na namba ya nyumba, taratibu, mara mbili, na redio haikusogea hata unywele.

Esteri hakupiga kelele. Alimwomba askari kalamu, akaandika kwenye mkono wake, kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Kisha akanigeukia.

"Jumamosi mbili, Badru," akasema. Hakuniita mzee.

Hapo ndipo ilipolipuka! Kambi nzima ikamiminika kizuizini, watu elfu ishirini, ngoma zikatoka, askari akavua kofia, na fundi wangu Makarius Ndayiragije akanyanyuliwa juu ya mabega, akapitishwa mbele ya watu kama askofu, huku wanawake wanamtandikia kanga, akapelekwa mpaka kwa mkuu wa kambi mwenyewe, ambaye alisimama akasema kwa kinywa chake kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwona mtu...

"Badru."

"Naandika," namjibu fundi, aliyeacha kupuliza mkaa.

"Naona unachoandika. Tulikuwa sita pale, na askari wa saba. Hakuna aliyeninyanyua. Nilikuwa nyuma ya lori, nimekaa chini, sikuweza kumtazama yule mama usoni. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuja kunitafuta."